Mlango wa mwamba, maji yakijaa: jinsi ya kupanga mbizi ya mkondo

Nikipewa kundi la kulipitisha kwenye mlango wa mwamba, swali langu la kwanza kwa nahodha ni hili: utatuokota wapi? Wengi huanza na mahali pa kurukia, kisha hufuata ramani kwa kidole mpaka ndani ya lagoni. Mimi hupanga kinyumenyume. Kwenye mbizi ya kawaida ukipitiliza unageuka, unarudi zako kwenye kamba ya nanga. Mlangoni hakuna nanga wala hakuna kugeuka. Maji yakishakubeba, yanayobaki mikononi mwako ni machache: kina, pumzi, na kusogea kidogo kulia au kushoto. Saa ya kuingia, mahali pa kuingilia na mahali pa kuokotewa huamuliwa chomboni, watu wakiwa bado wakavu.

Nachukulia kwamba unayesoma tayari una cheti cha kuzamia hadi mita 30, na unaweza kutulia katikati ya maji, hupandi wala huzami, huku mikono ikifanya kazi nyingine. Hilo la pili ndilo ninalolitazama mimi. Kadi ya cheti haielei.

Maji yanatoka wapi, yanakwenda wapi

Lagoni ni bahari iliyozungukwa na mwamba, na mlango ndio shingo ya chupa yake. Maji yakijaa nje hutaka kuingia, yakipwa hutaka kutoka, na palipo pembamba au penye kina kidogo yanalazimika kukimbia ili yote yapite. Kwa hiyo usipime kasi mahali papana halafu ukadhani ndiyo kasi utakayoikuta katikati.

Sehemu nyingi, toka maji kujaa hadi kujaa tena ni kama saa 12 na dakika 25, ndiyo maana ratiba ya leo husogea karibu dakika 50 kesho. Bamvua huja siku moja au mbili baada ya mwezi mwandamo na baada ya mwezi mpevu. Hapo maji hupanda sana, hushuka sana, na mlango hunguruma. Maji mafu huja mwezi ukiwa robo. Kwa kundi ambalo halijawahi kupita mlangoni nachagua maji mafu, na sifungui mjadala.

Jedwali la maji lina mtego wake. Linakupa urefu wa maji bandarini, na wewe unataka kujua mwendo wa maji mlangoni. Mkondo husukumwa na tofauti ya usawa kati ya nje na ndani. Bahari ikishajaa nje, lagoni huenda bado haijajaa, kwa hiyo maji huendelea kuingia kwa muda, pengine saa nzima na zaidi, ikitegemea ukubwa wa lagoni na upana wa mlango. Jedwali likisema maji yamejaa saa nne asubuhi, usishangae mkondo ukisimama saa tano na robo. Kila mlango una ucheleweshaji wake, na dawa yake ni daftari: tarehe, umri wa mwezi, saa ya jedwali, saa ambayo mkondo ulisimama kweli, upepo, mawimbi. Kama wewe ni mgeni, kuna mtu ana daftari hilo, kwenye karatasi au kichwani. Mtafute kabla hujakodi chombo.

Kuna milango ambayo hata daftari hilo halitoshi. Kwenye visiwa vya Tuamotu, Polinesia ya Ufaransa, mawimbi makubwa ya bahari kuu huvunjika juu ya mwamba na kumwaga maji ndani ya lagoni usiku na mchana. Maji hayo hutoka nje kupitia mlangoni. Bahari ikichafuka siku kadhaa, mlango unaweza kutoa maji karibu kutwa nzima, jedwali liseme litakalo. Maldives nako, pepo ndizo zinazotawala. Wakati wa kaskazi mkondo hutoka mashariki, basi milango ya upande wa mashariki huingiza maji na ya magharibi huyatoa. Kusi ikishika, mambo hugeuka. Kupwa na kujaa bado kupo, ila kunaongeza au kupunguza tu kile ambacho msimu umeshaamua.

Kuutazama mlango kabla ya kuvaa

Nafika mapema, mitungi ikiwa imefungwa bado, nasimama omoni. Natazama kwanza mdomo wa nje. Mkondo unaotoka ukigongana na mawimbi yanayoingia, mawimbi husimama wima palepale, mafupi, yenye ncha, na povu lake halisogei. Ukiyaona hayo, maji yanatoka, na hapo hatushuki. Kwenye mlango wa Tiputa, kisiwa cha Rangiroa, pomboo huja kucheza katika mawimbi ya namna hiyo na watu hukaa ufukweni kuwatazama. Ni raha kuyatazama ukiwa nchi kavu.

Maji yanayoingia yana sura nyingine: buluu ya nje inajisukuma ndani, na mahali inapokutana na kijani cha lagoni kuna mstari uliochorwa, wenye majani na povu. Mstari ule unaposogea ndivyo mkondo unavyosogea.

"Nahodha, yanakwendaje?"

"Yanaingia, mwalimu, ila hayajashika. Ngoja robo saa."

Robo saa hiyo naitumia kupima. Njia ya kwanza: chombo kimefungwa kwenye boya, natupa kipande cha kumbi la nazi omoni na kuhesabu hadi kifike tezini. Chombo cha mita 10 kikipitwa kwa sekunde 10, mkondo ni kama noti 2 (noti ni kipimo cha mwendo baharini). Sekunde 20, noti moja. Njia ya pili ni kuzima injini, kuacha chombo kielee, na kusoma kasi kwenye GPS, ukikumbuka kwamba upepo nao unasukuma. Njia zote mbili zinapima maji ya juu tu. Chini nako namtuma mtu mmoja mzoefu, kwa dakika mbili, ashike kamba ya boya na kutazama: Mapovu yanakwenda upande gani? Samaki wote wameelekeza vichwa wapi? Matumbawe laini yamelala kiasi gani? Samaki hawadanganyi, wanautazama mkondo unakotoka.

Mpaka wangu, na ni wangu tu, ni noti 1 na nusu kwa wanaoanza na noti 3 kwa waliozoea. Nguvu ya maji juu ya mwili hupanda kwa mraba wa kasi: kasi ikiwa maradufu, msukumo ni mara nne. Ndiyo maana noti 1 unaweza kuipigania kidogo kwa mapezi, lakini noti 2 zinakuvua miwani ukigeuza uso pembeni.

Kuingia na maji, kamwe kutoka nayo

Maji yanayoingia ni masafi, yanatoka bahari kuu, na yanakupeleka mahali palipotulia. Yanayotoka yamejaa mchanga na mabaki ya lagoni, na yanakupeleka baharini. Mtu akiharibikiwa katika maji yanayoingia, chombo kinamkuta ndani ya lagoni, mahali penye mwisho. Akiharibikiwa katika maji yanayotoka, kila dakika eneo la kumtafuta linapanuka. Wapo viongozi wanaofanya mbizi za kutoka. Mimi sifanyi, na sijawahi kukutana na samaki aliyenifanya nijute.

Sasa saa gani ya kujaa? Wanafunzi hufundishwa sehemu za kumi na mbili: katika saa sita za kujaa, maji hupanda sehemu 1, kisha 2, 3, 3, 2, 1. Saa ya tatu na ya nne ndizo zenye kishindo. Wazoefu nawapeleka kishindo kikianza kupungua, wakati maji ni maangavu kabisa, lakini nahakikisha inabaki saa nzima na nusu kabla ya mkondo kusimama, kwa saa ya daftari. Ukichelewa hapo, chombo kikikataa kuwaka, mtu akisahau mkanda wa risasi (vipande vya risasi vya kuongeza uzito), utajikuta katikati ya mlango maji yakigeuka na kukurudisha nje. Wanaoanza nawapeleka mapema, maji yakiwa ndiyo kwanza yameanza kuingia. Ukungu wa lagoni bado upo mlangoni, picha haziwi nzuri, lakini mkondo ni mdogo na hauwezi kugeuka kabla hatujatoka.

Hesabu ya muda na ya hewa

Noti moja ni mita 1,852 kwa saa, karibu mita 31 kwa dakika. Mlango wa mita 900 kwa noti 1 na nusu unaisha kwa dakika 20 hivi. Kwa noti 3, chini ya dakika 10. Watu wanasikia "mbizi ya dakika 45" na kudhani ni dakika 45 za mlango. Hawaulizi zile 35 zinatumika wapi. Jibu lazima liwepo kwenye mpango: ama tunaanza nje, kwenye mteremko wa mwamba, tukisubiri na kutazama kabla ya kujiachia, ama tunaendelea ndani ya lagoni kwenye matumbawe ya mita 10. Na hapo ndipo swali la mahali pa kuokotewa linaporudi, kwa sababu mara nyingi mlango ndiyo njia ya meli na boti za kisiwa. Mahali pa kuibukia pawe pembeni ya njia ya vyombo, na nahodha awe amejua kwa redio nani anapita saa hiyo.

Kurukia nako ni hesabu. Kushuka hadi mita 25 bila kuchelewa ni dakika moja na nusu hadi mbili. Kwa noti 1 na nusu utakuwa umesogea mita 70 hadi 90. Ukirukia mdomoni, utagusa chini ukiwa umeshapita nusu ya uzuri. Kwa hiyo ruka nje, upande mkondo unakotoka, kama mita 150 kabla ya mdomo. Kumbuka pia kwamba nje mkondo hauji umenyooka. Mara nyingi huambaa na ukuta wa mwamba kabla ya kupinda kuingia. Rukia upande unakotoka.

Hewa. Mtungi wa lita 12 wenye bari 200 (bari ni kipimo cha presha) una lita 2,400. Kiwango cha kuanza kupanda nakihesabu kwa watu wawili wanaopumua mtungi mmoja, wakiwa na hofu, lita 30 kwa dakika kila mmoja, yaani 60 kwa pamoja. Dakika moja ya kutulia mita 25, penye presha mara 3.5 ya ile ya juu: lita 210. Kupanda hadi mita 5 kwa mita 9 kwa dakika, dakika 2 na kidogo: kama lita 330. Kusimama mita 5 dakika 3: lita 270. Jumla ni 810, karibu bari 68. Basi mimi naandika 80, na wa kwanza kufika 80 anapandisha kundi zima, hata kama papa ndiyo kwanza wamejipanga. Ukitumia naitroksi (hewa iliyoongezwa oksijeni) ya asilimia 32, mpaka wako ni mita 33 kwa presha ya oksijeni ya bari 1.4, lakini mlango wenye shimo la mita 40 katikati haukuulizi umejaza nini, kwa hiyo itazame kompyuta yako ya kuzamia. Maldives sheria inawazuia wazamiaji wa burudani kwenye mita 30.

Kuruka

Wote kwa pamoja, jaketi la kuelea likiwa tupu, hesabu ya tatu. Akichelewa mmoja kwa sekunde 20 kwenye noti 2, yuko mita 20 nyuma na hatawafikia kwa nguvu za miguu. Kabla ya hapo kila mmoja amejaribu kupumua mara kadhaa huku akitazama geji ya hewa: mshale ukicheza, mtungi haujafunguliwa vizuri, na kuruka na jaketi tupu mtungi ukiwa umefungwa ni hatari kubwa. Kukutana ni chini, kwenye mwamba, si juu. Asiyeweza kusawazisha masikio anatoa ishara na kubaki juu na boya lake la ishara. Chombo bado kiko karibu. Hakuna kumsubiri katikati ya maji.

Kundi lisizidi watu sita, wawili wawili. Kiongozi hutangulia mbele na karibu na chini, mzoefu hukaa nyuma kabisa. Hakuna anayempita kiongozi, kwa sababu aliyetangulia hawezi kurudi.

Ndani ya mlango

Maji hukwaruzana na mwamba, kwa hiyo chini kabisa na pembeni ndiko mwendo ulikopungua. Ukitaka kwenda taratibu, shuka uwe mita moja juu ya mwamba. Ukitaka kupita haraka mahali pabaya, panda kidogo. Hiyo ndiyo gia yako. Mapezi ni ya kusogea kando tu: elekeza mwili mshazari, piga taratibu, na mkondo utakusaidia kufika upande.

Nyuma ya kila jabali kuna kivuli cha mkondo, na ukijifunza kuviona utapumzika njiani. Tazama mchanga: unakotulia ndiko pa kutulia. Sogea kabla hujafika, maana ukikiona kikiwa ubavuni umeshakikosa.

Kulabu ya mwamba, iliyopata umaarufu Palau, ni kifaa kizuri mikononi mwa mtu mtulivu. Kamba ya mita moja na nusu, kulabu isiyo na ncha kali upande mmoja, pete ya jaketi upande wa pili. Tafuta jiwe lililokufa, kamwe usishike tumbawe hai. Ingiza, vuta kuhakiki, kisha tia hewa kidogo kwenye jaketi mpaka uelee kama tiara. Kabla ya kujinasua, toa hewa hiyo kwanza, la sivyo utapaa. Uliza pia kama mahali hapo wanaruhusu kulabu. Nisiyemwona akijinasua kwa mkono mmoja, macho yamefumbwa, kule juu, kulabu yake naiweka kwenye ndoo yangu.

Papa watakuwepo. Kwenye mlango wa kusini wa kisiwa cha Fakarava, hukohuko Tuamotu, unaoitwa Tumakohua, papa kijivu wa mwamba hukusanyika kwa mamia, na utafiti uliochapishwa mwaka 2021 ulionyesha kwamba hutumia mikondo inayopanda juu ya miteremko ili wasichoke, wakipokezana nafasi. Kwa hiyo wanasimama pale ambapo maji yanawainua. Ukikaa pembeni na chini, bila kuwafukuza, watakaa. Mlango huohuo, karibu na mwezi mpevu wa Juni au Julai, chewa hukusanyika kwa maelfu kutaga mayai. Kila mwaka watu huota siku hiyo, na siku hiyo ni ya bamvua. Waende, ila wasitumie siku hiyo kujifunzia mkondo.

Maji yakikuvuta chini

Hutokea hasa ukingoni mwa ukuta wa nje, na mahali sakafu inapoporomoka ghafla. Dalili ya kwanza ni mapovu yako mwenyewe: hayapandi, yanazunguka au yanateremka mbele ya uso. Masikio yanabana. Ukiwa umeshikana na mwamba, shika jiwe na upande kwa mikono, hatua kwa hatua. Ukiwa umeachana nao, usipigane kwenda juu. Ogelea mlalo, mbali na ukuta, kuelekea buluu, maana mkondo wa aina hii huwa mwembamba. Hewa unayotia kwenye jaketi itakusaidia, lakini mkono usitoke kwenye kitufe cha kutolea: ukitoka kwenye mshiko wa maji, hewa hiyohiyo itakurusha juu. Mwenza wako awe karibu kiasi cha kumshika. Hili tunalizungumza chomboni kila mara, hata kwa waliolisikia jana.

Kuibuka na kuokotwa

Ukishaona mchanga mweupe, maji yanapungua ukali, rangi inageuka kijani, umeingia lagoni. Panda hadi mita 5, mpandishe boya. Kila mtu awe na lake, la mita 1.5 hivi, la rangi ya chungwa, na kamba ya kutosha kulitoa tangu mita 10 au zaidi. Boya linalopandishwa mapema humpa nahodha dakika tatu za kusogea wakati ninyi bado mnasimama kutoa naitrojeni. Kamba isifungwe kwenye mwili wala kwenye jaketi. Boti ikilikanyaga boya, uweze kuiachia kamba.

Ukisikia injini, usijaribu kujua iko upande gani. Sauti majini hukimbia zaidi ya mara nne kuliko hewani, na masikio yetu hayawezi kutofautisha. Tazama juu, geuka duara zima, mkono mmoja umeinuliwa.

Juu, jaza jaketi, miwani ibaki usoni, shikaneni. Filimbi na kioo viwe mfukoni, si kwenye mfuko ulioachwa chomboni. Mwanga wa kioo juani huonekana mbali sana kuliko mkono unaopunga. Chombo kisipoonekana kwa dakika 10, msiogelee kukifuata. Nahodha ana mpango mliokubaliana: dakika 60 tangu kuruka hakuna boya, anaanza kutafuta kuelekea mkondo unakokwenda, na anaita redioni.

Akifika, anasimama upande ambao upepo unamsukuma aje kwenu, injini haijaingizwa gia, na anahesabu vichwa kwa sauti. Toa risasi kwanza, kisha mtungi. Mapezi yabaki miguuni mpaka mkono umeshika ngazi.